Fundi cherehani aliyekatazwa kumbeba mjukuu

Saa nne asubuhi. Cherehani zinaunguruma chumba kizima, halafu moja inanyamaza. Mama Pindo anaondoa miguu kwenye pedali, anachomeka sindano kwenye kimto, anashika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili na kuinuka polepole, mgongo ukiwa umenyooka kama alivyofundishwa.

"Haya, huyo anakwenda kuanika mifupa," anatangaza jirani yake wa meza ya pili, mama mnene mcheshi anayeshona vifungo, ambaye chumba kizima kinamwita Kifungo.

"Cheka tu. Yako nayo inaota ukungu humu ndani kama yangu. Njoo tuanike wote."

"Yangu ina nyama za kuifunika, dada!"

Chumba kinaangua kicheko. Mama Pindo naye anacheka, ila kwa uangalifu, maana kicheko kikubwa humchoma mgongoni. Anasukuma kiti cha plastiki mpaka kwenye kichochoro cha nyuma, pale jua linapopenya kati ya kuta mbili na kuangukia saruji. Anakunja mikono ya blauzi mpaka juu ya viwiko, anavua viatu, anafumba macho.

"Jua hili lilikuwa hapa siku zote," anasema. "Ukuta mmoja tu ulitutenganisha. Nilikuwa nalisikia juu, bati likialika ta, ta, ta, wala sikutoka kulitazama."

Ana miaka sitini na sita. Jina la Pindo alipewa na wateja, kwa sababu pindo la gauni aliloshona yeye halilegei hata ulifue mwaka mzima. Wanawake wa mtaa huo wameolewa wakiwa wamevaa magauni yake, na wengine wameozesha mabinti zao wakiwa ndani ya magauni yake vilevile.

Msomaji aliyeanza kumhurumia angoje kwanza. Mama huyu huruma haitaki. Anataka kitu kimoja tu, nacho amekatazwa na daktari: kumbeba mjukuu wake mgongoni.

"Nimfunge mbeleko, nitembee naye mpaka dukani, nirudi. Basi," anasema. "Sikuomba kupanda ndege mimi. Mtoto tu, mgongoni. Lakini ndio hivyo, mgongo wenyewe umenigomea."

Watu humwambia mjukuu ni mjukuu, hata ukimshika mkono inatosha. Wanaosema hivyo hawajui historia yake.

Alianza kushona akiwa na miaka kumi na tisa, katika chumba hikihiki kisicho na dirisha, taa zikiwaka mchana na usiku. Aliingia kabla jua halijapanda na kutoka likiwa limezama. Chakula chake kilikuwa chai ya rangi, nzito, yenye sukari ya kutosha kusimamisha kijiko, na kipande cha mkate mkononi huku mguu ukiendelea kukanyaga. Maziwa yakipatikana nyumbani yalikuwa ya watoto. Nani alisikia mtu mzima anakunywa maziwa?

Watoto wenyewe walikuja mfululizo. Saba, katika miaka kumi na miwili.

"Huyu unamwachisha ziwa leo, kesho mwingine anapiga hodi," anasimulia. "Mume wangu alikuwa seremala wa shule. Kila akimaliza kitanda cha mtoto mmoja, namwambia, baba watoto, usiweke randa mbali."

Aliwazaa na kuwanyonyesha wote, lakini hakuwabeba. Aliyewabeba ni dada yake mkubwa, ambaye hakujaliwa mtoto na akaishi nao nyumba moja mpaka mwisho wa maisha yake. Mama Pindo alinyonyesha mezani, kitoto kimelazwa juu ya vitambaa, kisha dada alikuja, akakifunga mgongoni na kuondoka nacho. Mtoto akianguka alikimbilia kwa mama mkubwa. Akiota ndoto mbaya alimwita mama mkubwa.

Dada alikuwa na utani wake. Kila jioni Mama Pindo alipoingia amechoka, alimpokea kwa methali: "Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana."

"Alikuwa anatania, nami nilicheka," anasema Mama Pindo. Halafu anasugua viwiko juani. "Lakini iliniuma. Iliniuma kweli. Nilimwonea wivu dada yangu wa tumbo moja, Mungu anisamehe, mtu aliyenilelea wanangu. Nikawa najipa moyo: ngoja, wajukuu nitawabeba mwenyewe. Hao hakuna wa kuninyang'anya."

Wajukuu wakaja, lakini watoto sita wa kwanza walikuwa wametawanyika mbali kutafuta riziki. Wajukuu waliletwa likizo wakiwa tayari wanatembea, wanamkimbia bibi wasiyemzoea. Akabaki mmoja wa kutegemewa, binti yake wa mwisho, kitindamimba, anayeishi mwendo wa nusu siku kwa basi. Huyo aliolewa akakaa miaka tisa bila mtoto. Miaka tisa mama anaomba, anangoja, anajifanya haulizi.

Hapo katikati, mwili wake ulikuwa na habari zake.

Hedhi yake ilikoma akiwa na miaka arobaini na moja tu. Hakumwambia mtu. Kusema kweli, alifurahi.

"Nilisema, ahsante Mungu, umenipumzisha. Wenzangu wananunua pamba, mimi nimestaafu! Ningejuaje kwamba kuna mlinzi ameondoka mlangoni?"

Miaka ikapita. Mwaka juzi akainama kunyanyua jora la kitambaa kizito, kitu alichokifanya maisha yake yote, na kitu kikalia kah! mgongoni. Akadhani ni msuli. Akajipaka dawa ya kuchua, akaendelea kushona, na alipoulizwa akasema ni baridi tu. Mficha maradhi, wahenga walisema, na huyu aliyaficha hasa.

Kisha likaja lile gauni.

Mumewe alikuwa anastaafu, na shule ikaandaa sherehe ya kumuaga. Mama Pindo akajikatia gauni la kitambaa cha zambarau. Sasa, mafundi wana tabia yao: huwapima wateja kila mara, wao wenyewe hawajipimi. Alikuwa na karatasi yake ya kukatia, aliyoichora ujanani, nayo ilimtosha siku zote. Unene ukizidi huongeza ubavuni, basi. Akaitandaza, akakata, akashona, akavaa.

Gauni likaburuza chini kwa mbele. Kwa nyuma likapanda juu.

"Lo! Mimi? Mama Pindo mzima, pindo limekwenda upande?" anasimulia, na hata leo uso unamwiva. "Nikasema kitambaa kimevutika. Nikafumua. Nikashona upya. Likaburuza tena! Nikalaumu pasi, nikalaumu mkasi, nikamlaumu na aliyeniuzia kitambaa. Nilikwenda kugombana naye dukani kwake, maskini ya Mungu."

Kifungo alikuwa ameliona gauni hilo likiburuza. Alidhani macho ya mwenzake yameanza kuzeeka, akanyamaza kwa heshima. Mama Pindo akaenda kwenye sherehe na gauni la zamani, kanga imefungwa juu kuficha jinsi hilo nalo lilivyomkaa vibaya.

Miezi michache baadaye aliteleza koridoni, mahali pakavu kabisa, akajikinga kwa mkono. Kifundo cha mkono kikavunjika kama kijiti. Hospitali walimfunga plasta, na daktari, aliyeona mgongo ule ulivyoanza kupinda, akaagiza apimwe zaidi.

Muuguzi akamsimamisha ukutani.

"Mama, zamani ulikuwa na urefu gani?"

Swali gani hilo kumuuliza fundi? Akajibu bila kufikiri: sentimita mia moja sitini na tatu.

"Hapa naona mia moja hamsini na sita."

"Basi hicho kipimo chenu mmekibandika vibaya."

"Mama, hiki kipimo..."

"Mwanangu, kupima ndiyo kazi yangu. Mimi sikui, lakini sipungui pia. Mzee, hebu nitolee futi yangu kwenye mkoba."

Fundi hatembei bila futi. Mumewe akaitoa, akaiburuta toka kisigino mpaka utosini, muuguzi akimshikia upande wa juu. Akatazama. Akatazama tena. Mzee huyo mwenye maneno mengi akaikunja futi polepole.

"Mama watoto," akasema mwishowe, "ni kweli."

"Hapo ndipo nikalikumbuka gauni," anasema Mama Pindo. "Kitambaa hakikuvutika. Ni mimi niliyekuwa napungua na kupinda ndani yake. Na yule mwenye duka nilishamtukana."

Picha zilionyesha pingili mbili za uti wa mgongo zimebonyea. Kipimo cha uzito wa mifupa kikaonyesha kwamba mifupa yake imekuwa myepesi na yenye matundu kupita kiasi. Daktari alimweleza kwa utulivu kwamba mfupa ni kitu hai, kila siku unabomolewa kidogo na kujengwa kidogo. Mwanamke anapokuwa bado na hedhi, homoni zake hulinda ujenzi huo. Hedhi ikikoma, kubomoa hukimbia kuliko kujenga. Yake ilikoma mapema, kwa hiyo mifupa ilikosa ulinzi kwa miaka mingi kuliko ya wenzake. Juu ya hayo kukawa na kukaa kutwa, giza kutwa bila jua linalosaidia mifupa, na chakula kisichokuwa na cha kujengea.

"Kwa hiyo jora ndilo lililonivunja mgongo?" akauliza.

"Jora lilimalizia tu, mama."

Akapewa vidonge, na kimoja kati ya hivyo ni cha mara moja kwa wiki, kinachomezwa alfajiri tumbo likiwa tupu, kwa glasi nzima ya maji, na ukishakimeza ni marufuku kulala kwa nusu saa. Mumewe amejipa cheo cha ulinzi. Hukaa mbele yake na kikombe chake, akimtazama kama askari wa zamu.

Mzee alipopata nafuu ya ule mshtuko, utani ulirudi. "Nilioa mwanamke mrefu mimi," humwambia mgeni yeyote. "Huyu anaisha kama sabuni. Siku moja nitapekua shuka nikose mtu."

"Ukinikosa, tazama jikoni," mkewe humjibu. "Ndiko unakonikumbukaga."

Basi, wiki ileile aliyotoka kliniki, simu ikalia. Kitindamimba. Sauti ya upande wa pili ilikuwa ikicheka na kulia pamoja. Baada ya miaka tisa, alikuwa na mimba ya miezi minne.

Mama Pindo alipiga vigelegele mpaka mbavu zikamkumbusha. Akakata simu, akaketi kitandani, akautazama mkono wake uliofungwa plasta. Kisha akalia.

"Mzee alidhani nalia kwa furaha. Furaha ilikuwepo, siwezi kusema uongo. Lakini nilikuwa namuuliza Mungu: sasa? Yaani sasa, wakati mgongo umekwisha?"

Aliporudi kliniki, hakuuliza habari za maumivu. Aliuliza habari za mbeleko.

"Mama," daktari akamwambia, "usinyanyue kitu kizito kuliko birika la chai. Mtoto mgongoni anakuinamisha mbele, na ukiinama na uzito, pingili zile zinabonyea zaidi. Ya tatu ikivunjika, huenda usisimame vizuri tena."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

"Akiwa mdogo kabisa?"

"Mama."

Kitindamimba aliposikia yote hayo, naye akapata mzigo wake. Alikuja na tumbo lake, akaongozana na mama yake mpaka kwa daktari, akauliza swali lililokuwa likimnyima raha: je, ni wao? Ni watoto saba waliokula mifupa ya mama yao?

Daktari alitikisa kichwa. Alimwambia kuwa mwili wa mama hutoa kidogo kutoka kwenye mifupa wakati wa mimba na kunyonyesha, na kwa kawaida hujijenga tena mtoto akiacha ziwa, mama akipata chakula na muda. Mama yake hakupata vya kutosha, si chakula wala muda. Kilichomdhuru zaidi ni ile hedhi iliyokoma mapema, na hilo si kosa la mtoto yeyote.

"Hata ningejua, ningewazaa wote saba," Mama Pindo akadakia. "Tofauti ni moja tu, ningekunywa maziwa."

Tangu siku hiyo, mama na binti walikuwa kama wanafunzi wa darasa moja. Mama asubuhi juani, binti naye juani huko kwake. Mama anakula samaki wadogo na miba yao, binti anakula, na kila jioni wanapigiana simu kukaguana. Mama Pindo hutembea kuuzunguka mtaa kabla ya kwenda kazini, na nyumbani hushika mgongo wa kiti, akainuka kwa ncha za vidole na kushuka, akainuka na kushuka, mzee akimpigia makofi ya mapigo. Chai ya rangi ameipunguza. Anasema ndiyo talaka ngumu kuliko zote. Kazini, jora sasa hunyanyuliwa na wenzake, na kila baada ya nguo moja husimama.

Kipimo cha mwaka huu kilionyesha mifupa imeacha kushuka. Haijarudi ilivyokuwa. Daktari alifurahi, akamsifu. Mama Pindo akauliza tena habari za mbeleko, na jibu likawa lilelile.

Wiki iliyopita, Kitindamimba alimleta mtoto. Wa kike, miezi mitano, mashavu yamejaa mpaka macho yanatafutwa. Mzee alipompokea alisema huyu mtoto hakuzaliwa, aliokwa.

Mama Pindo aliketi kwenye kiti, akawekewa mtoto mapajani, mto chini ya kiwiko. Alimnusa utosini. Alimhesabu vidole. Kila aliyemwona alidhani mwanamke huyu ameridhika.

Mchana mzee alikwenda dukani na Kitindamimba akaingia kuoga. Mtoto alikuwa amelala kitandani, mito pande zote. Mara akaamka, akajikuta peke yake, akaanza kulia, kile kilio cha mtoto mchanga kinachopanda ngazi.

Mama Pindo akafika kando ya kitanda. Bafuni maji yalikuwa yanamwagika kwa kishindo, akiita haitasikika. Mtoto akainua mikono.

"Niliweka mikono yangu chini ya makwapa yake," anasema, na sauti inashuka. "Uzito niliusikia. Nikajiambia, mara moja tu, nani ataona? Miaka yote hii nangoja, na sasa ananyoosha mikono kwangu, si kwa mama mkubwa, si kwa mwingine. Kwangu."

Alikaa hivyo, mikono imeshika, mtoto analia. Halafu akaitoa. Akashika ukingo wa kitanda, akaketi, akageukia ubavu kama alivyofundishwa, akajilaza ubavuni kwa mtoto. Akamsogezea kifua. Kitoto kikalishika sikio la bibi yake kwa nguvu, kikakwama kwenye kwikwi, kikanyamaza.

Kitindamimba alitoka bafuni na taulo kichwani akawakuta hivyo, mtoto anatazama dari, bibi machozi yanamchuruzika mpaka kwenye shuka.

"Mama, umeumia?"

"Sikuumia."

"Sasa unalia nini?"

"Sikuwabeba nyinyi," mama akasema. "Hata mmoja. Nilidhani huyu nitambeba."

 Kitindamimba alimsaidia mama yake kuinuka, akamsimamisha katikati ya chumba. Akamchukua mtoto, akaenda nyuma ya mama yake na kumlaza mtoto kifudifudi kwenye ule mgongo uliopinda, shavu katikati ya mabega. Hakumwachia. Alimshika chini kwa mikono yake yote miwili, uzito wote kwake, akijibana karibu kiasi kwamba bibi alisikia joto la mtoto na pumzi ya binti yake shingoni kwa pamoja.

"Amekwisha panda," akasema. "Tembea, mama. Polepole, nakufuata."

Mama Pindo akarudisha mikono nyuma, viganja vikagusa vijiguu viwili laini. Akapiga hatua. Watatu wakasogea pamoja, wakakizunguka kitanda, wakaipita meza, wakafika mlangoni. Mzee alikuwa anarudi kutoka dukani, mfuko mkononi. Akawaona, akajibanza ukutani kuwapisha.

Mama Pindo anasema mpango wake ni mmoja. Mtoto atarudi mwaka ujao akiwa anatembea, na yeye anataka amkute bibi yake wima, ili waende dukani wameshikana mikono. Kwa ajili hiyo atameza vidonge, atakula miba, atakaa juani mpaka Kifungo achoke kumcheka.

Lakini siku ile mlangoni hakuwa na mpango wowote. Kitindamimba alimuuliza kama amechoka, kama amtoe mtoto sasa.

"Bado," akasema. "Usimtoe bado, mwanangu. Turudi mpaka kitandani, halafu tuje tena."